Ngoma ya wazee wenye demensia, Ngamiani Tanga: mpigaji anaijua kazi, ukumbi bado

Darasa hili la ngoma ni la wazee wenye demensia, yaani ubongo kudhoofika na kumbukumbu kupotea. Hufanyika Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa nne na robo, kwenye ukumbi wa kukodi wa harusi katikati ya Ngamiani. Malipo ni shilingi 4,000 kwa kipindi, mlezi anaingia bure. Wanapokea wazee kumi tu kwa kipindi, na wanaowahudumia ni mwongozaji aliyesomea sanaa Bagamoyo, wasaidizi watatu na mpigaji mmoja. Halina jina kubwa wala ofisi. Watu wanaliita ngoma ya wazee, na dereva wa bajaji ukimwambia hivyo anakufikisha.

Swali la mwenye mgonjwa ni moja: mzee anatoka pale na faida, au kaondolewa nyumbani ili wenye nyumba wapumue? Anatoka na faida, tena kubwa kuliko tunavyoona kwenye vituo vyenye vifaa vya bei. Lakini yapo ya kurekebisha, na baadhi yake yanaweza kumvunja mtu nyonga.

Tuanze na bango la mlangoni, maana ndilo la kwanza kuonekana na ndilo la kwanza kukosea. Limeandikwa kwamba ngoma inatibu usahaulifu. Haitibu. Demensia yenyewe si ugonjwa mmoja: Alzheimer inachukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa, inayobaki ni ile ya mishipa ya damu inayofuata viharusi, ya Lewy (vijibonge vya protini ndani ya seli za ubongo), ya sehemu ya mbele ya ubongo, na mara nyingi mchanganyiko. Hakuna hata moja inayoondoka kwa kucheza. Watu wanapenda kutaja utafiti wa Bronx, New York, uliochapishwa 2003, ambapo watu 469 wenye zaidi ya miaka 75 walifuatiliwa, na katika mazoezi yote ya mwili ni dansi pekee iliyoonekana kwenda pamoja na kupungua kwa hatari ya demensia. Sawa, lakini wale walianza wakiwa wazima, na anayeanza kuugua huenda ndiye anayewahi kuacha dansi. Kwa waliokwisha kuugua habari ni nyembamba zaidi. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, katika ripoti yao ya 2017 hawakupata hata jaribio moja lililokidhi vigezo vyao. Katika ripoti ya 2023 walipata moja, la Hong Kong, lenye washiriki 204, na walichoweza kusema ni kwamba tiba ya kucheza huenda ikapunguza sonona kidogo. Basi. Cha kutarajia ni moyo kuchangamka, usingizi kutulia, miguu kutolegea haraka, na saa moja ambayo mzee hasahihishwi na mtu. Anayetaka kumbukumbu zirudi, 4,000 yake imepotea. Bango lishushwe.

Mapokezi, kwa upande mwingine, ni mazuri kupita tulivyotegemea. Hawamchukui mzee bila barua ya daktari, na wanayo sababu. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, jana alikuwa anasimulia vizuri na leo anaongea na ukuta, asiitwe mgonjwa wa demensia kwanza. Huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, maji kumwishia mwilini, sukari kushuka, au dawa mpya aliyoanzishwa wiki hiyo. Huyo anapelekwa hospitali ya Bombo, ngoma itamsubiri. Na hata aliyeanza polepole anatakiwa awe ameangaliwa tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU na sonona, maana hivyo vyote vina matibabu na vyote huvaa sura ya usahaulifu.

Mzee akishakubaliwa, anapewa njiti za kiberiti mezani aige umbo alilopangiwa. Hiyo wameitoa kwenye kipimo cha kumbukumbu na akili kiitwacho IDEA, kilichojaribiwa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mahali ambapo wazee wengi hawakukaa darasani. Njiti haziulizi ulisoma mpaka la ngapi. Hapo hapo wanapima mwendo: mzee anainuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi kukaa, na saa inahesabu. Akitumia sekunde 12 au zaidi anahesabiwa kuwa yuko kwenye hatari ya kuanguka, na katika kipindi atasimama akiwa na msaidizi wake peke yake. Namba hiyo inaandikwa na kupimwa tena baada ya miezi miwili. Tungependa waandike na usingizi na hamu ya kula kwa maneno ya mlezi, kwa sababu mabadiliko ya kweli huonekana nyumbani usiku, si ukumbini.

Fomu ya pili ndiyo roho ya darasa zima. Inauliza mzee alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, mwaka gani alikuwa na miaka ishirini, kwenye harusi alikuwa akicheza nini, na ngoma gani hataki kuisikia.

Hapa ndipo wengine wanapokwama. Mtu akisikia wazee anawaza ngoma za asili, anakwenda kukodi kikundi cha vijana kilichozoea kutumbuiza hotelini, wanapiga kwa nguvu nusu saa, wazee wanapiga makofi kwa adabu, picha zinapigwa, kwisha. Fanya hesabu. Mwenye miaka 80 leo alikuwa kijana wa ishirini katikati ya miaka ya 1960, na muziki unaodumu kichwani kuliko wote ni ule mtu aliousikia kati ya miaka kumi na thelathini ya umri wake. Kwa mtoto wa Tanga mjini, huo ni muziki wa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na taarabu ya vikundi vya Black Star na Lucky Star yenye gitaa na mdundo wa kuchezeka. Fundi mstaafu wa reli anataka rumba ya kushikana, viatu vimepakwa rangi. Ukimpigia selo ya Wazigua anakukodolea macho tu.

Halafu kuna watu wa mkonge. Mashamba ya mkoa huu yaliendeshwa na manamba, vibarua wa mkataba, waliotoka Songea, Msumbiji, Kigoma na kwingineko, na wengi hawakurudi kwao. Bibi wa Kimakonde aliyezeekea Muheza anaongea Kiswahili cha Tanga siku zote, lakini maradhi yakimkolea lugha ya utotoni ndiyo inayobaki, na sindimba ndiyo inayobaki. Mngoni ana lizombe yake. Msambaa aliyeshuka kutoka Lushoto ana mdumange. Bibi wa pwani ana lelemama na chakacha. Ukumbi mmoja, wazee kumi, ngoma sita. Mwongozaji anapanga wanaofanana wakae jirani, na kila kipindi kina nyimbo tatu nne tu, zikirudiwa. Wasiojua wanalalamika kuwa hakuna jipya. Marudio ndiyo dawa yenyewe: kumbukumbu za matukio zinategemea sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayoharibika mapema katika Alzheimer, ilhali kumbukumbu za vitendo, kama kusuka ukili au kucheza, zimehifadhiwa kwenye viini vya chini vya ubongo na kwenye ubongo mdogo wa nyuma, ambako uharibifu huchelewa. Ndiyo maana bibi asiyemjua bintiye anajua kiuno kinaingia wapi kwenye chakacha.

Mpigaji anatumia chapuo, ngoma ndogo ya mkono, na vumi moja dogo, ngoma ya sauti nzito. Mzee amekaa, kiganja pajani, kidole cha shahada kinagonga kitu anachokijua mwenyewe. Mpigaji anasogeza kigoda mpaka mbele yake, anabana chapuo kati ya magoti na kugonga vile vile, kwa ncha za vidole, bila kumkazia macho. Kidole kikisita, naye anasita. Kikianza, naye yumo. Dakika moja na ushee baadaye kidole kimekuwa kiganja, kiganja kimeita bega, na mzee amepandisha kidevu kuona nani huyu anayempigia. Hapo ndipo vumi linaingia kwa chini. Kumfuata mgonjwa mwendo wake kabla ya kumpa wako si uvumbuzi wa Ngamiani. Marian Chace, Mmarekani mmoja wa waanzilishi wa tiba ya kucheza, alikuwa akifanya hivyo na wagonjwa wa akili wa hospitali ya St. Elizabeths, Washington, tangu 1942, tena kwa duara kama hili. Lakini kuujua kwenye kitabu na kuwa nao mkononi ni mambo mawili.

Kasi wanaihesabu kwa saa ya ukutani: mapigo ya sekunde 15 mara nne. Wanaanza na 60 hadi 70 kwa dakika, katikati wanafika 90 au 100, mwisho wanarudi walikotoka. Hawavuki 110. Vijana wa vikundi vya harusi hawaliwezi hili, mkono unawakimbia.

Mambo mawili ya mahali hapa yanahitaji busara, na darasa linayo. La kwanza ni dini. Wapo wazee, na zaidi watoto wao, wasiotaka ngoma kabisa. Hao wanapewa kipindi cha kasida na dufu, wamekaa, wakiyumba kulia na kushoto. Mabega yanafanya kazi ile ile na hakuna aliyekwazika. La pili ni ngoma za pepo. Mpigaji hagusi mdundo wowote wa kiganga hata aombwe. Bibi aliyewahi kuchezewa ngoma hizo ujanani anaweza kupandisha na kuanguka chini kwa uzito wake wote, na familia iliyokwisha amini kuwa bibi ana shetani itapata ushahidi iliyokuwa ikiutafuta, na hospitali hawarudi tena.

Kipindi chenyewe kinakwenda hivi. Viti vimepangwa duara. Msaidizi anamwendea kila mzee kwa mbele, anainama macho yalingane, "Shikamoo Bi Mkubwa," anangoja marahaba yake hata ikichelewa, ndipo anampima presha. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, hachezi siku hiyo. Anakaa, anapimwa tena, na mlezi anaambiwa. Mwenye kisukari anaulizwa amekula nini, na sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L) anapewa kitu cha kula kwanza. Kisha majina yanaimbwa mmoja mmoja, kila mtu akijibiwa na duara zima.

Dakika kumi za mwanzo ni za kukaa: visigino juu na chini mara nane, vidole vya miguu mara nane, goti moja moja, mabega mbele na nyuma, halafu viganja. Viganja wamevichukua kwenye lelemama, na ni chaguo la akili sana, kwa sababu lelemama ni ngoma ya mikono na utulivu. Bibi anaweza kuicheza yote bila kuinuka na asijione kapunguziwa kitu. Baadaye kanga inatoka. Wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja ameshika pindo mbili, wanavutana kwa zamu na mdundo. Kanga inafanya kazi tatu kwa mpigo: inakaza vidole, inamfanya mtu amwangalie mwenzake, na ikilegea unajua mara moja kuwa wa upande wa pili ametoka mchezoni.

Kusimama ndiko penye hatari, na wasaidizi wamefundwa. Mzee anasogea mpaka ukingo wa kiti, miguu inarudi chini ya magoti, anainama mpaka pua ivuke vidole vya miguu, anajisukuma, anainuka. Akishainuka haendi popote kwa dakika nzima, ameshika mgongo wa kiti kilichowekwa mbele yake na kushikiliwa na msaidizi. Presha ya mzee hushuka akisimama ghafla, hasa anayekunywa dawa za presha, na wengi huanguka katika hiyo dakika moja, kabla ngoma haijaanza. Kisha ni kuhamisha uzito, kulia na kushoto, mara nane. Hatua mbili za pembeni kwenda, mbili kurudi. Kugeuka ni kwa hatua nne ndogo ndogo, kama saa inavyosogea. Hakuna kuzungushwa, hakuna kurudi kinyumenyume. Anayependa rumba anapewa msaidizi wa kushikana naye viganja kwa chini, kiganja cha msaidizi kikiwa chini ya cha mzee, ili mzee aongoze. Kusimama kote hakuzidi dakika kumi na tano, tena kwa vipande viwili na mapumziko ya maji katikati. Mwisho wanarudi kukaa, mdundo unapungua taratibu, na hawaukati ghafla.

Mwongozaji hasemi "inua mkono wa kushoto". Anainua wake na kungoja. Anahesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia, muda ambao kwa mtu mzima wa afya ni mrefu wa kuudhi, ila ubongo ulioumwa unauhitaji. Anaonyesha jambo moja kwa wakati mmoja. Na hakuna anayemwuliza mzee "unanikumbuka?" Wageni wengi hufanya kosa hilo kwa mapenzi, wanamweka mzee kizimbani.

Kinachoharibika hutegemea aina ya maradhi, na hapo wasaidizi bado wanahitaji kufundishwa. Mwenye demensia ya Lewy huganda katikati ya hatua, miguu kama imepigwa misumari. Tulichokiona ni msaidizi kumvuta mkono. Usimvute, ataanguka na wewe. Mwache ahamishe uzito papo hapo, kulia kushoto kwa mdundo, mara nne au tano. Mguu utajitoa wenyewe. Mgonjwa wa aina hiyo pia huona visivyokuwepo, kwa hiyo vinyago na nyuso za kuchora zisiletwe kabisa. Aliyeathirika sehemu ya mbele ya ubongo anaweza kushika watu pasipostahili. Asifokewe, akae kati ya wasaidizi wa jinsia yake na apewe kayamba ya kushika mikono yote miwili. Aliyepata kiharusi anasimamiwa upande ule dhaifu, na hili wanalijua.

Kilio nacho kipo. Wimbo unaweza kumrudisha mtu kwa mume aliyefariki. Siku moja msaidizi aliashiria ngoma iongezwe ili kilio kimezwe, na hilo ni kosa. Mdundo unashushwa, mtu anashikwa mkono, analia anavyotaka, na wimbo unamaliziwa kwa kuimba tu. Anayezidiwa utamjua kabla: ngumi inakunjwa, nguo inavutwavutwa, anaanza kusema anataka kwenda kwao. Huyo anahitaji kona tulivu, na ukumbi huu hauna kona tulivu.

Sasa ukumbi. Sakafu ni vigae vya kung'aa. Saa tatu na nusu jua linaingia kwa mlango wa mashariki na kuandika bwawa la mwanga katikati ya duara. Kwa macho ya mgonjwa yale ni maji, naye haingii. Mlangoni kuna zulia jeusi la kufutia miguu, linaloonekana kama shimo. Tumeona wazee wanagoma pale, wasaidizi wanadhani ni ukaidi, wanawasukuma kwa upole. Suluhisho halina gharama: ondoa zulia, tundika shuka nene mlangoni, na mikeka isitandikwe, maana pindo zake zinanasa vidole. Ukutani kuna kioo kikubwa cha maharusi. Mzee akijiona humo anaona mtu mzima asiyemjua anamkodolea macho. Kifunikwe kwa shuka ya rangi moja, isiyo na maua.

Viti ni vya plastiki, visivyo na mikono. Juu ya vigae vinateleza nyuma pale pale mtu anapokaa. Kinachotakiwa ni kiti cha mbao chenye mikono, urefu wa sentimita 45 hivi ili nyayo zikae chini zote. Fundi wa Makorora au Chumbageni anaweza kuvitengeneza kumi kwa awamu, na kwa darasa linalotoza ada hatuoni udhuru.

Paa ni bati bila dari. Mwezi wa pili, kaskazi ikikaza, ukumbi unapokaribia saa nne hautamaniki, na mzee mwenye demensia hasemi ana kiu. Wape maji kila robo saa bila kuuliza. Wakati wa masika tatizo ni jingine: mvua ikipiga bati hakuna chapuo inayosikika, na kelele zile zinawatisha. Mwongozaji hapo ana ujanja wa kupongezwa, anawahamishia wazee kwenye benchi la mbao na vumi linawekwa juu ya benchi lile lile, mdundo unawaingia mwilini badala ya masikioni. Inafaa pia kwa wasiosikia vizuri siku zote. Mlango wa choo umepakwa rangi moja na ukuta, kwa hiyo hauonekani; picha kubwa ya choo na rangi tofauti vingetosha. Bila hivyo mtu anatangatanga, anajikojolea, na wiki ijayo hataki kuja wala hawezi kusema kwa nini.

Simu ndizo zilizotuudhi hasa. Wasaidizi wanarekodi na kurusha mitandaoni, mzee anaonekana akilia au nguo imempanda. Ruhusa ya mdomo ya mjukuu haitoshi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mwenye mgonjwa aandike kwenye fomu kuwa hataki, na asimamie neno lake.

Baada ya ngoma kuna kitafunwa, na hapo tena kuna uzembe: siku nyingine ni kashata za nazi na karanga. Demensia ikiendelea kumeza kunaharibika, na punje ya karanga ikiingia njia ya hewa ni msiba. Uji laini, au chungwa la Muheza lililomenywa na kutolewa kokwa na ngozi za ndani, linatosha. Hata kumenya kwenyewe mbele yao, harufu ile ikatapakaa, ni sehemu ya tiba.

Kwa usafiri, bodaboda isifikiriwe. Bajaji ni sawa, mzee akae katikati na mlezi upande ulio wazi. Avae viatu vyenye kamba ya nyuma, kandambili hazifai. Dera na baibui zipandishwe au zifungwe kiunoni zisikanyagwe. Mwenye kisukari asicheze pekupeku hata kama sakafu ni safi. Njooni na orodha ya dawa zote, hasa kama kuna za kutuliza kama haloperidol. Dawa za kundi hilo kwa wagonjwa wa demensia huongeza hatari ya kifo, na zinalegeza mwendo. Msizikate wenyewe, ongeeni na daktari.

Asiende kabisa mwenye homa, maumivu ya kifua, kidonda cha mguu kilicho wazi, au aliyeanguka wiki hiyo na hajachunguzwa.

Mara mbili kwa wiki ni 32,000 kwa mwezi, na bajaji juu yake. Si nyumba zote zinaweza. Kwa wasioweza, mwongozaji huwafundisha walezi toleo la nyumbani bila malipo kila mwisho wa mwezi, na ni jambo ambalo hawalitangazi ilhali lilistahili kuwa kwenye lile bango: kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani, kanga moja, ndoo iliyofunikwa ya kugonga, nyimbo tatu za ujana wake, dakika kumi na tano. Saa kumi jioni ndiyo saa yake, kwa kuwa jua likianza kuelekea kuzama wagonjwa wengi huhangaika, wanataka kutoka, wanatafuta watu waliokufa. Ukimwanzishia mapema, magharibi inamkuta amechoka vizuri.

Nafasi zinajaa. Wanaandikisha Jumatatu asubuhi ukumbini hapo hapo, na ukifika bila barua ya daktari unarudishwa.